Ufagio wa Baba

Ole, Pemba
11 Juni 2023

Kwa kaka yangu Nassor Hamdan,

Assalaam alaykum. Na weye afande unayeisoma hii kabla yake, assalaam alaykum nawe. Soma pole pole, mwandiko wangu haufundishwi skuli.

Kaka, sisi nyumbani hatujambo, ila wewe tu ndiye hupo. Mama mzima. Mdogo wetu Khairat mzima, kaingia kidato cha tatu na mdomo umekuwa mrefu kuliko daftari. Mie sijabadilika, bado ndiye kijana mzuri kuliko wote kutoka Ole mpaka Tumbe, na huko Tumbe nimewaachia nusu kwa heshima tu. Lakini umeiona dunia? Mie niliitoroka skuli kidato cha pili, mwalimu wa hesabu akashukuru Mungu. Weye uliyemaliza kidato cha nne ndiye leo unaitwa mwanafunzi, tena wa bweni, na sare umeshonewa. Mwanafunzi wa Chuo cha Mafunzo, jina la heshima la jela! Mama anasema nisiandike hivyo. Nimeshaandika.

Miaka miwili kwa mvule mmoja wa msitu wa serikali. Nimepita juzi kule msituni. Mvule wako umelala palepale ulipouangusha, hakuna aliyeugusa, umeota uyoga mwili mzima. Ulitaka mbao za nyumba ya kuolea, sasa wanaooana humo ndani ni mchwa.

Habari uitakayo najua ni ya shamba, kwa hiyo niliiweka mwisho nikutese. Shamba lipo mikononi mwa mwanamume. Tangu siku waliyokuchukua, ufagio wa Baba ninao mie. Kila Ijumaa baada ya sala ya alfajiri nafagia chini ya mikarafuu yote kama alivyokuwa akifanya yeye. Jani silibakishi. Nayasukumia kando ya njia nayatia moto. Chini kweupe, mtu anaweza kumwaga wali akala bila ya sinia. Mzee mmoja kapita na baiskeli, kasimama, kauliza hapa panajengwa msikiti wa nani.

Ile mikarafuu yetu miwili iliyo pembeni, aliyoipanda Baba, kila mmoja siku mwenyewe aliponyolewa nywele za utotoni, akazifukia shinani, yote ipo. Wako mzima. Wangu mrefu zaidi. Nimepima mwenyewe, usibishe.

Mdogo wako,
Usama Hamdan, Imamu wa Ufagio

*

Chuo cha Mafunzo, Unguja
2 Julai 2023

Kwa mdogo wangu Usama,

Waalaykum salaam. Barua yako nimeipata. Usiwachezee maafande. Hapa barua ndiyo simu yetu, na ikizuiwa imezuiwa.

Nimefurahi juu ya shamba. Nimeisoma sehemu ile mara nyingi kuliko nitakavyokwambia. Mwambie Mama ninakula na ninasali na sina ugomvi na mtu.

Usama, nataka ujue jambo moja. Siku ile nilipopandishwa gari na watu wamejaa barabarani, sikuona haya ya pingu. Niliona haya nilipokumbuka kwamba kila mtu pale atapita mbele ya shamba letu kesho na keshokutwa, na atalitazama. Mtu wa kwetu hasomwi usoni, husomwa chini ya mikarafuu yake. Baba hakuwa na kitu lakini hakuna aliyewahi kumwita mchafu. Kwetu mwenye majani shambani ni mmoja kati ya watatu: mvivu, mgonjwa au maiti. Mie sitaki kuhesabiwa na hata mmoja.

Nikitoka, nyumba sina, mchumba nimesikia kaposwa na mwingine, kazi sijui nani atanipa. Nina shamba lile tu la kurudia. Kwa hiyo fagia. Wapitao waone, waseme, Nassor yupo.

Kaka yako,
Nassor

*

Ole
20 Agosti 2023

Kaka Nassor,

Assalaam alaykum. Mchumba hakuposwa, ni dada yake. Naona huko Chuoni mnasomeshwa uzushi.

Sasa nina jambo, na nataka ulisome ukiwa umekaa. Mikarafuu inageuka rangi. Si yote. Ile ya juu kileleni pa kilima imeanza, majani yamekuwa manjano kama yaliyotiwa bizari, na ncha za juu kabisa zimekauka zimebaki vijiti. Nilidhani ni jua. Nikafagia zaidi. Zikakauka zaidi.

Akaja bibi shamba, Bi Mwatima. Yule mrefu mwenye buti za mpira, anayepita shamba kwa shamba na chepe lake. Kalitazama shamba, hakusema msikiti wa nani. Kauliza, "Nani anafagia hapa?" Mie nikatoa kifua mbele, nikasema ni mimi. Akanambia, "Mbona unainyang'anya mikarafuu chakula?"

Kaka, wanijua, mie sikosi la kujibu. Nikamwambia mti hauna mdomo.

Kanichukua mpaka ng'ambo ya mtaro, msituni, hatua chache tu kutoka ulipolala mvule wako. Kachimba shimo. Udongo wa pale mweusi, laini, unanuka kama mvua ya kwanza, na nyungunyungu wamejaa humo wanagombana. Tukarudi kwetu, kachimba chini ya mkarafuu. Chepe likalia ngaa! Udongo mwekundu, mkavu, mgumu kama tofali, hauna hata nyungunyungu mmoja wa kumtolea ushahidi mwenziwe. Mvua moja inanyesha juu ya sehemu zote mbili. Kilima ni kilekile. Tofauti, kasema, huku kuna ufagio na kule hakuna.

Kanieleza hivi. Mti unavuta chakula chini unakipeleka kwenye majani. Jani likianguka halijafa, linarudisha deni lake. Linaoza, wadudu wanalitafuna, linakuwa mboji, mizizi inakula tena. Mkarafuu mizizi yake ya kulia chakula ipo juujuu, haikifuati mbali. Ukifagia umeondoa sinia kabla mgeni hajanawa. Ukichoma, nusu ya chakula inakwenda na moshi na nusu iliyomo kwenye jivu inashushwa na mvua bondeni. Alitaja na majina, naitrojeni, fosforasi, potasiamu, nikadhani ni safu ya mbele ya timu ya Ulaya.

Anasema tuyaache majani yalale. Mwaka wa kwanza hatutaona kitu, wa pili tutaona. Mie nipo tayari kuuweka ufagio chini, na unajua nilivyo fundi wa kuweka kazi chini. Nipe ruhusa.

Mdogo wako,
Usama

*

Chuo cha Mafunzo
10 Septemba 2023

Usama,

Waalaykum salaam.

Ruhusa sitoi. Bi Mwatima ana mshahara, na mikarafuu ikifa ni ya watu, si yake. Baba alifagia tangu sijazaliwa mpaka Ijumaa ya mwisho kabla ya kufa kwake, na mikarafuu ile ilizaa mpaka matawi yakawekewa nguzo. Wewe ulikuwa mdogo, mie nimeona kwa macho yangu. Ufagio ungekuwa unaua, ungeua zamani hizo.

Nakujua. Umechoka kufagia, umempata wa kukusemea. Nimekuacha na kitu kimoja tu duniani, tayari unatafuta bibi wa serikali akuruhusu kulala.

Msimu wa kuchuma unakuja na karafuu zinazoanguka zitapotelea majanini. Watu watapita wataona. Fagia. Na uniandikie kwamba umefagia, nilale.

Kaka yako,
Nassor

*

Ole
15 Oktoba 2023

Kaka mpendwa,

Assalaam alaykum. Nimefagia.

Nimefagia mpaka ardhi inaniogopa. Ukiangusha sindano kilimani unaiona kutoka barabarani. Bi Mwatima nimemfukuza kwa heshima. Watu wanatoka mpaka Chokocho kuja kutazama, wanaleta na watoto. Nimefikiria kuwatoza kiingilio.

Karafuu mwaka huu kidogo, lakini hata hivyo mwaka jana zilikuwa nyingi na mkarafuu una tabia ya kupumzika, wewe mwenyewe ulinifundisha. Juu ya mti mie bado sina mpinzani, nachuma kwa mikono miwili na kuimba juu. Mkarafuu wako una afya. Mama anakusalimu. Khairat hakusalimu, anasema kuna mtu katika nyumba hii anamtia aibu, sijui anamsema nani.

Lala, kaka. Kweupe pee.

Mdogo wako,
Usama, Bingwa

*

Chuo cha Mafunzo
14 Januari 2024

Usama,

Ishak, yule kijana wa kwetu aliyekuwa akifanya kazi ya pikipiki, ameletwa hapa wiki iliyopita. Nilifurahi kama nimemwona ndugu. Nikamuuliza shamba letu linaonekanaje siku hizi ukipita. Akacheka. Akasema, "Shamba lipi? Lile pori? Majani yanafika kwenye vifundo vya miguu, watu wanadhani mwenyewe kafa."

Nilimwambia anasema uongo. Nikamtolea barua yako nikamsomea mbele ya watu, ile ya sindano na kiingilio. Walicheka wote. Nimekaa na watu hawa saa zote, Usama, sina pa kwenda wakicheka.

Sitaki maelezo. Ungenambia umeshindwa ningekuelewa. Ungenikatalia usoni ningekasirika yakaisha. Lakini umenibembeleza kama mtoto mwenye homa, na mie nikalala kweli.

Nimemwandikia Ami Soud, ndugu wa Baba. Nimemtaka aende na watu, afagie shamba lote, yale majani ayakusanye na ayachome hukohuko, pasibaki alama. Mpaka unaipata hii yeye ataipata yake. Usimzuie. Shamba ni langu na ninasema nikiwa na akili zangu.

Nassor

*

Ole
25 Februari 2024

Kaka Nassor,

Assalaam alaykum. Usishangae mwandiko kuwa mzuri, nimeajiri karani. Mie nasema, Khairat anaandika. Wakubwa wote wana makarani.

Ami Soud alikuja kama ulivyoagiza. Kazi imefanyika, shamba limechomwa, majani hakuna. Kulikuwa na upepo kidogo wa kaskazi, moto ukatembea zaidi ya ulivyoitwa, mikarafuu kadhaa imeungua. Hilo ndilo lililotokea. Ami Soud hana kosa, amefanya alivyoambiwa, usimwandikie kwa ukali. Mie nimeunguza vidole kidogo, si kitu, niliunguza zaidi siku niliyojaribu kupika. Mkarafuu wako umesimama.

Nisamehe kwa barua ile ya Oktoba. Nilitaka wewe ulale, na mikarafuu ile ipone. Nikaona haviwezekani vyote viwili isipokuwa kwa uongo.

Usama

Kaka, hapa ni mimi Khairat. Yaliyo juu ni maneno yake neno kwa neno, ameniapisha nisibadilishe na sijabadilisha. Lakini hakuniapisha nisiongeze. Sasa amekwenda kituo cha afya kufungwa bandeji, nami naongeza.

Si vidole. Ni viganja vyote viwili na mkono mmoja mpaka karibu na kiwiko. Hawezi kushika kijiko. Mama anamlisha, na yeye anamwambia Mama tonge dogo, mimi si ng'ombe.

Ilikuwa hivi. Tangu ulipomkatalia, hakufagia chini ya mkarafuu hata mmoja. Majani ya miezi yote ile yalikuwa yamelala, na chini yake yalikwisha kuanza kuwa meusi. Alikuwa akiniamsha kunipeleka nione nyungunyungu. Mtu mzima, kaka, anashangilia nyungunyungu. Ile mikarafuu ya kilimani ilikuwa imetoa majani mapya machache. Alitaka uje ujionee mwenyewe, ndiyo sababu hakukuandikia ukweli. Akasema barua utaibishia, mti utaubishia vipi.

Ami Soud alikuja na watu na mareki na barua yako mkononi. Usama alisimama mlangoni mwa shamba akamwomba asitie moto, kwa adabu, sijawahi kumsikia na adabu kama ile. Ami akamwonesha barua, akamuuliza, "Hii si saini ya kakako? Wewe si ulimwandikia kwamba pamefagiwa?" Kweli aliandika. Usama akaondoka mlangoni.

Majani yalikuwa mengi na makavu. Moto haukupanda juu, ulitambaa chini kwa chini, ukipita penye mizizi kama mtu anayetafuta pete iliyoanguka. Ami Soud alipoona unatambaa alianza kupiga kelele watu waupige na matawi, lakini upepo ulikwisha kuuchukua. Usama alikimbilia pembeni, kwenye mikarafuu yenu miwili. Alipiga magoti kwenye wako, akawa anayakwangua majani kwa mikono, kuyatoa shinani na kuyarusha, mpaka kukawa duara tupu. Mengine yalikuwa yanawaka tayari. Ami alimwita, "Usama, wako unaungua!" Uko jirani tu, alikuwa anauona. Hakugeuka.

Wako umesimama. Wake umekufa. Mingine ya katikati magome yamepasuka, na ya kilimani sijui nikwambie nini. Ami Soud amekuja kila siku tangu siku ile, anakaa barazani, anakunywa maji, anaondoka.

Hakutaka nikwambie. Nimekwambia.

Khairat

*

Chuo cha Mafunzo
17 Machi 2024

Khairat,

Nimepata barua. Nimeipata mbele ya watu na sikuisoma mbele yao.

Mwambie Usama mikono aitunze, asiishikishe maji machafu, asijitie ujogoo akaanza kazi kabla ya kupona. Mwambie Ami Soud moto ule niliuwasha mie kutoka huku. Asikae barazani kwa ajili yangu.

Hapa tunafagia uwanja kila asubuhi. Kuna mti mmoja mkubwa wa mkungu, majani yake hayaishi. Tangu barua yako nafagia na nikimaliza sioni usafi. Naona sinia limeondolewa.

Kuna kitu kimoja kinaninyima usingizi. Baba alifagia. Sikuota, nilimwona. Na mikarafuu ikazaa. Muulizeni Mama, Baba alifanya kitu gani ambacho sie hatukukifanya?

Nassor

*

Ole
2 Juni 2024

Kaka Nassor,

Assalaam alaykum. Karani nimemfukuza kazi, amevujisha siri za ofisi. Mwandiko huu ni wangu, na kama unatetemeka ni kwa sababu ngozi mpya ya kiganja bado haijazoea kalamu. Kidole kidogo cha kulia hakikunjuki tena. Kimebaki kimejikunja kama kinanisubiri nimalize kusema.

Nilimuuliza Mama lile swali lako. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. Akasema, "Si alikuwa akirudisha."

Nikamuuliza akirudisha nini. Akaniona mjinga. Kaka, unalikumbuka lile shimo nyuma ya zizi, tulilokatazwa kulichezea, Baba akisema lina nyoka? Hakukuwa na nyoka. Majani yote aliyoyafagia Ijumaa aliyatia humo, na samadi ya ng'ombe juu yake, na majivu ya jikoni. Masika yakiingia anayazoa kwa makapu na kuyarudisha chini ya kila mkarafuu, na sie wakati huo tupo skuli. Jioni tukirudi tunakuta kaoga, kavaa kanzu. Ijumaa alfajiri ndiyo tulikuwa nyumbani. Kwa hiyo tulichokiona ni ufagio.

Alipofariki, ng'ombe tulimchinja hitima ya arubaini, watu wakala, wakaomba dua. Shimo likabaki halina kazi, tukaanza kulitupia makopo. Ufagio tukaurithi, tukajiona watoto wema.

Nilimuuliza Mama mbona hakusema, miaka yote hii tunafagia na kuchoma mbele ya macho yake. Akasema, "Nilidhani mnajua. Hamkuniuliza." Kisha akaendelea na mchele wake. Baadaye nilimwona amekaa nao uleule, umekwisha chambuliwa, anauchambua tena.

Nikwambie shamba lilivyo, na sitakupamba. Masika yalikuja kwa nguvu. Wiki mbili za kwanza kilima kiliota nyasi mbichi hujapata kuona, nikaanza kupanga barua ya kujisifu. Bi Mwatima kanambia hiyo ni karamu ya jivu, ni ya siku moja. Kweli. Mvua ilipozidi, hakukuwa na jani la kuizuia, ikachukua jivu, ikachukua na udongo wenyewe, ukateremka mwekundu mpaka bonde la mpunga. Nyasi zikageuka manjano. Kilimani sasa mizizi ipo nje, inaonekana kama mishipa ya mkono wa mzee. Mikarafuu ya juu yote imekufa. Ya katikati nahesabu kila siku, na kila siku hesabu yangu haiongezeki. Wangu nimeukata. Sikuuchoma. Nimeulaza palepale kama ule mvule wako ng'ambo, nao uote uyoga.

Ng'ombe hatuna, lakini makopo nimeyatoa shimoni. Kila Ijumaa watu wanapofagia mashamba yao, mie napita na polo, gunia tupu, nyuma yao naomba takataka. Wananambia moto umenipanda kichwani. Kijana mzuri kuliko wote wa Ole, anabeba majani ya watu mgongoni. Juzi kuna mtoto alinifuata njia nzima akiniita mchawi. Ami Soud hubeba polo la pili. Barazani hakai tena, na hilo nimeliona ni jambo.

Sasa mkarafuu wako. Nimeuwekea majani pande zote, si karibu sana na shina, kama nilivyofundishwa. Umesimama. Lakini upande mmoja majani yanaanguka kabla ya wakati, na ncha ya juu imeanza kuwa kijiti. Wiki iliyopita nilimwita Bi Mwatima. Akakwangua gome kwa ukucha, upande wa barabarani chini yake kulikuwa kijani. Akazunguka akakwangua upande wa pili. Kulikuwa hudhurungi. Akanambia upande huo umekufa. Moto ulifika kwenye mizizi ya upande ule kabla sijafika mie.

Nikamuuliza nikuandikieje. Nikuandikie kwamba mwakani ukitoka utaukuta? Akafuta ukucha wake kwenye kanga, akasema, "Usimwahidi."

Kaka, wanijua. Mie nimeahidi watu mpira wa kulipwa, nimemwahidi Mama safari ya Makka, nimekuahidi wewe kweupe pee. Kuahidi hakujapata kunishinda.

Hili sikuahidi. Majani nayaacha palepale yanapoanguka.

Usama